Mume Si Feri

Kazi yangu ni kuwatungia wenye maduka ya Biashara Street maneno ya leso, yaani kanga. Msidhani ni kazi nyepesi. Tangu Kaderdina Hajee Essak aanze kutia misemo kwenye leso hapa Mombasa karne iliyopita, kina mama washapigana vijembe vya kila aina, na tajiri wangu ataka kipya, kifupi, kitoshe mstari mmoja bila kugusa pindo. Kichwa kilikuwa kikavu kama kokwa la tende.

Nikaenda feri ya Likoni. Mle watu hubanana hata yasiyokuhusu utayasikia. Nikajipenyeza nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akimmwagia shoga yake ya moyoni: "Mwambie yule, mume si feri, kila mtu apande bure!"

Jamani! Daftari likatoka mfukoni lenyewe.

"Huyu atuandika!" shoga mtu akapiga kelele.

"Umetumwa na yeye, sio?"

"La, bi mkubwa. Mimi natunga leso."

"Mwanamume?" Hilo ndilo lililomuudhi mama zaidi. Akanipokonya daftari, akaanza kulisoma kwa sauti ya mnadani.

"Subira yangu ni mtaji wangu."

"Hiyo ishatoka," akasema mzee wa baiskeli. "Mke wangu alinivalia mwaka mzima."

"Nimekupa kiti, wataka na sebule."

Kijana wa mkokoteni akaitafuna kidogo, akasema si mbaya ila yakosa pilipili.

"Usiku wangu, mchana jigawieni."

Wakanizomea feri nzima, mbele mpaka nyuma. Safari yenyewe ni ya dakika chache, lakini siku hiyo meli ya makontena ikawa yaingia Kilindini, feri ikabidi ingoje ipite. Mama akafika ukurasa wa mwisho, akakuta maneno yake mwenyewe. Akanyamaza. Akayarudia polepole.

"Haya. Daftari nakaa nalo mpaka uniletee jozi. Mimi nauza viazi karai pale juu Likoni, uliza tu."

Tajiri aliposikia msemo alicheka mpaka akakohoa. Leso ikaenda kuchapwa India, ikarudi nyekundu na nyeusi, nami nikapeleka jozi kwenye karai la viazi. Mama akapangusa mikono, akaikunjua, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Mwanangu, hizi ndizo herufi kubwa mlizo nazo? Yule nimvaliaye haoni mbali."