Anayesoma menejimenti aanze na kazi yenyewe

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka na dirisha la udahili likifunguliwa, swali hunijia kutoka kwa wadogo zangu na kwa wazazi wa mtaani kwetu: shahada ya uongozi wa biashara ina maana? Anayeuliza huwa ameshasikia majibu mawili. Wapo wanaomwambia kwamba wahitimu wa kozi hiyo wamejaa mtaani na hawana kazi. Wengine humwambia ndiyo kozi ya mabosi, akimaliza atakaa kwenye kiti cha kuzunguka. Yote mawili siyakubali. Kozi hii nimeisoma, imenilisha, na naipenda kwa dhati. Ninachoshikilia ni kwamba menejimenti haisomwi hewani. Mtu husimamia kitu fulani: ghala, wodi, shamba la chai, kiwanda cha unga, duka la vipuri. Asiyekijua kitu hicho, nadharia alizobeba hazina pa kutua.

Mchukue Henri Fayol, Mfaransa ambaye kanuni zake za utawala hufundishwa kila darasa la menejimenti. Sijui kama yupo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hajakariri kanuni zake 14. Kwenye madesa, yaani nakala za nondo zinazopita mkono kwa mkono, kanuni hizo zimepangwa kwa namba, UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikifika zinamwagwa zote kwenye karatasi, na wiki ya pili zimeshasahaulika. Desa halisemi kwamba Fayol alikuwa mhandisi wa migodi. Aliingia kwenye mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry, Ufaransa, mwaka 1860, akiwa kijana wa miaka 19, na miaka yake ya mwanzo alihangaika na moto uliokuwa ukiwaka chini ya ardhi. Mwaka 1888 alipewa ukurugenzi wa kampuni nzima ikiwa imeelemewa na hasara, akaiinua. Maandishi yake maarufu juu ya utawala yalitoka 1916, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70.

Sasa irudie ile kanuni yake isemayo kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa bosi mmoja. Ukiisoma kwenye desa ni sentensi ya kukariri. Ukiifikiria ukiwa shimoni, moshi unakuja, msimamizi mmoja anasema tokeni na mwingine anasema zibeni njia, unaelewa kwa nini mtu wa migodi angeipa kanuni hiyo uzito. Nadharia yenye mizizi kwenye kazi tunaifundisha kama mistari ya kuimbwa.

Frederick Taylor, Mmarekani aliyepima kazi za viwandani kwa saa ili kuongeza kasi, naye ni hivyo hivyo. Alianza kama mwanagenzi wa ufundi kwenye karakana ya Philadelphia, na mwaka 1878 akaajiriwa kiwanda cha chuma cha Midvale, ambako alifanya kazi kwenye mashine kabla ya kuwa msimamizi. Alijua mafundi wanavyopunguza kasi kwa makusudi kwa sababu alisimama nao. Nampinga kwa mambo mengi, hasa kwa kumwona mfanyakazi kama mkono usio na kichwa. Mwaka 1911, mwaka ule ule kitabu chake kikuu kilipotoka, mafundi wa kusubu chuma kwenye karakana ya silaha ya Watertown, Massachusetts, waligoma kupimwa kwa saa. Mgomo huo ulifika hadi kwenye Bunge la Marekani. Lakini hata kumpinga Taylor kunataka ujue kazi ya karakana inavyokwenda. Aliyekariri tu hana cha kumpinga nacho.

Hapa ndipo uchungu wangu ulipo, maana sisi wenyewe tuna historia ya menejimenti ambayo ningetamani kila mwanafunzi Tanzania aisome kabla ya hiyo ya Philadelphia. Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, benki zilitaifishwa mwezi ule ule wa Februari, na viwanda na makampuni mengi yakafuata. Ghafla nchi ilihitaji mameneja ambao haikuwa nao. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwa kimeshaanza mwaka 1965; mwaka 1972 zikaja taasisi ya fedha pale Dar es Salaam na ile ya menejimenti ya maendeleo pale Mzumbe, ambayo leo ni chuo kikuu. Kozi hii ilizaliwa kwetu kwa sababu kulikuwa na viwanda vinasubiri watu wa kuviendesha. Haikuwa kozi ya kujaza nafasi.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala, wa mwaka 1971. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu kwa walio chini yao. Wafanyakazi walikishika kifungu hicho hasa. Kati ya 1971 na 1973 migomo ililipuka kiwanda baada ya kiwanda, na mara nyingi madai hayakuwa mishahara. Watu walimkataa meneja aliyewatukana, aliyewadharau, aliyetumia mali ya kiwanda kama ya nyumbani kwake. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimtoa mwenye kiwanda na kuendelea na uzalishaji wenyewe. Hebu mpe mwanafunzi swali hili kwenye semina: wewe ndiye meneja, wafanyakazi wamesimama getini, hawataki nyongeza, wanataka heshima, na kifungu cha chama tawala kiko upande wao. Utafanya nini asubuhi hiyo, na ulipaswa kufanya nini mwaka mmoja kabla? Darasa litawaka. Maslow, yule mwanasaikolojia aliyepanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi, ataeleweka bila kukaririwa, na mapungufu yake yataonekana pia.

Au nenda Moshi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, kilianza mwaka 1933. Maelfu ya watu wenye vihamba vidogo wanamiliki biashara moja kubwa inayokusanya kahawa, kuipanga kwa madaraja na kuiuza kwa wanunuzi wa nje. Nani anamsimamia meneja wa biashara ya namna hiyo? Mkulima wa Machame atajuaje kwamba bei aliyolipwa ni ya haki, wakati mwenye taarifa za soko ni yule yule aliyeajiriwa kwa fedha zake? Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini, kazi zao zikapewa mamlaka za mazao, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Kwenye mkasa huo mmoja kuna muundo wa taasisi, usimamizi wa bodi, ugavi, fedha na siasa. Mhadhiri mwenye mkasa huo mkononi hana haja ya kuazima kampuni ya magari ya Detroit.

Kariakoo sitaisema kwa kirefu, kila mtu anaijua. Nataja tu kwamba Mei 2023 wafanyabiashara walifunga maduka kwa sababu ya malalamiko ya kodi na usajili wa stoo, mpaka Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kukutana nao Mnazi Mmoja. Tasnifu ngapi za uongozi wa biashara zingeweza kuandikwa kutokana na siku zile!

Niseme haki kuhusu wahadhiri. Wengi wao wanayajua haya. Lakini mtu mwenye ukumbi wa mamia ya wanafunzi, wengine wamekaa ngazini, hawezi kuendesha mjadala wa mkasa. Atasoma slaidi na kutunga maswali yanayosahihishika haraka. Chuo kinachodahili namna hiyo kinajua kinachofanya. Kozi yetu imekuwa ile inayopanuliwa kila mara kwa sababu haihitaji maabara. Hilo linaniudhi, kwa sababu inahitaji. Maabara yake ni mahali pa kazi, na njia ya kuingia huko ni fildi, yaani mafunzo kwa vitendo.

Kwa hiyo fildi ndiyo ningeitazama kwanza kama ningekuwa naanza leo. Wanafunzi wengi hukimbilia jengo lenye vioo ili ripoti iwe na jina kubwa, wakifika wanapewa mashine ya kutoa nakala na kutumwa chai. Mwanafunzi mmoja niliyesaidiana naye kuandika ripoti alimaliza muda wake wote mapokezi, na chuo kikampa alama nzuri. Omba stoo. Stoo haidanganyi. Utahesabu mzigo na kuukuta haulingani na leja, kisha utalazimika kutafuta sababu: umeibwa, umeharibika, uliingizwa vibaya, au msambazaji alileta pungufu na mtu akasaini bila kuhesabu? Kila jibu lina mtu nyuma yake, na kuzungumza na mtu huyo bila kumvunjia heshima ni somo ambalo hakuna pepa inayolipima. Utajua pia kwamba wapagazi wanaelewa mtiririko wa kazi kuliko mchoro ulioko ukutani kwa bosi.

Jambo la pili ni hesabu. Wapo wanaochagua menejimenti kwa kuwa wanakimbia namba, na nawaomba wasifanye hivyo. Tuchukue mfano wa kutunga. Dada mmoja ana mtaji wa shilingi milioni 10, ananunua vitenge vya fedha yote, anawauzia kwa mkopo wateja wa Mbeya kwa milioni 14, walipe baada ya siku 60. Kwenye daftari amepata faida ya milioni 4. Siku chache baadaye mwenye fremu anataka kodi, milioni 3, na droo haina hata senti. Anakopa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Wateja wanapolipa, riba ya miezi miwili imeshakula milioni 1.2 ya faida yake, na miezi hiyo miwili hakuwa na mzigo wa kuuza. Huyu hakukosa wateja wala bidii. Alihitaji mtu wa kumchorea mzunguko wa fedha kabla hajakubali siku 60. Mhitimu wa menejimenti anayeweza kukaa na dada huyo kwenye kigoda na kumwonyesha hilo kwa kalamu na karatasi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, hawezi kuniambia kozi yake haina kazi.

Ndiyo maana ninashauri kozi hii ifungwe kwenye kitu. Ukipenda namba, lenga mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu. Ukipenda mzigo, iko bodi ya ununuzi na ugavi. Ukiwa umekulia kwenye kahawa, pamba au samaki, usione aibu kurudi huko na elimu yako, maana unajua tayari mambo ambayo mwenzako wa mjini atayatafuta kwa miaka. Na kwa vyuo nina ombi moja: tasnifu ya mwaka wa mwisho iwe mkasa wa biashara halisi iliyo karibu na chuo, uandikwe kwa uangalifu, usomwe na mwenye biashara, kisha uwekwe maktaba utumike kufundishia wanaofuata. Baada ya miaka michache chuo kitakuwa na hazina ambayo hakuna desa litakaloifikia.

Na mzazi anayeniuliza kama alipie ada ya kozi hii, namtuma kwanza chuoni akaulize mambo matatu: darasa lina wanafunzi wangapi, nani humtembelea mwanafunzi akiwa fildi, na mara ya mwisho mfanyabiashara aliingia lini darasani kuzungumza nao. Wakimjibu bila kubabaika, alipe.