Bibi naye ana stori yake

Mwandishi, kwenye makala yako umesema tamthilia za mchana za Marekani zimewaweka wazee pembeni, ni kweli kabisa jamani. Helen Wagner alianza kuigiza Nancy kwenye tamthilia ya As the World Turns 1956 na alikuwa bado ni Nancy alipofariki 2010 na miaka 91, ila kadiri miaka ilivyoenda wazee kama yeye wakawa wanaletwa tu kwenye harusi na misiba, wanamimina kahawa, wanatoa ushauri, basi, yani inaniuma sana. Afadhali Jeanne Cooper, yule aliyeigiza Katherine kwenye tamthilia ya The Young and the Restless, 1984 alifanyiwa opresheni ya kukaza uso kweli na picha halisi za video zikaingizwa kwenye stori, hapo tukamuona mama mtu mzima na hofu zake.