Kijana na shoveli ya mgodini: cheti cha wiki chache kinakufikisha wapi?

Kila kidato cha nne na cha sita wakimaliza mitihani matangazo ya vyuo vya mitambo yanajaa mtaani, eskaveta, greda, buldoza, wiki chache tu unatoka na cheti alafu mgodini hao. Picha wanayoweka kwenye bango sasa ndo inachekesha, ni shoveli ya tani 500 na kitu, ule mtambo mkubwa wa kuchota mawe mgodini na kupakia kwenye malori ya dampa, na nina wasiwasi kama hata waalimu wenyewe wamewahi kuukalia mtambo huo. Mzazi anauza ng'ombe, dogo analipiwa ada. Na kuna kambi mbili hapa, moja inasema hii ndo ajira ya uhakika kuliko digrii za kusaga lami, nyingine inasema huo ni upigaji na kazi yenyewe inaenda kufa. Mi naona wanabishana kuhusu vitu viwili tofauti, hawa wanaongelea kazi, wale wanaongelea mlango wa kuingilia.

Tuanze na kazi. Wengi wanadhani kuendesha shoveli ni kuvuta joistiki tu, mashine inafanya yaliyobaki. Ni kweli mashine ni kubwa, Hitachi EX5600 inapita tani 500, Liebherr R 9800 inafika kama tani 800 na bakuli lake linachota meta za ujazo 42 hivi kwa mkupuo mmoja. Lakini ugumu hauko kwenye ukubwa. Dampa zote zinapanga foleni kwa shoveli, ikichelewa yenyewe kila kitu kimechelewa mpaka kule kinuni mawe yanakosagwa. Hebu piga hesabu ya mfano: tuseme dampa moja inajaa kwa mikupuo minne, na opereta aliyeiva anatumia kama nusu dakika kila mkupuo. Dogo mgeni akichelewa sekunde 5 tu kila mkupuo, hizo ni sekunde 20 kwa kila dampa, sasa shifti ya masaa 12 ikiwa na dampa 150 ameshapoteza sekunde 3,000, yani dakika 50 nzima, na ukimuangalia kwa macho utasema mbona anaenda vizuri tu.

Alafu kuna swala la mawe ya dhahabu na mawe taka, na hapa ndo pananoga. Baada ya kulipua, mawe mara nyingi yanafanana kabisa, watu wa jiolojia ndo wameshapima na kuchora mipaka, unaiona kwenye skrini ya GPS ndani ya kabini au wameweka utepe na vibendera pale shimoni. Ukivuka mpaka meta moja mbili, ama umepeleka dhahabu kwenye lundo la taka, na ikishafunikwa huko ndo basi tena, ama umepeleka taka kinuni na mgodi unalipa umeme na kemikali kusaga mawe matupu. Hakuna kengele inayolia kukuambia umekosea. Ongeza hapo ukuta ambao chini umeliwa na juu umebaki unaning'inia, ongeza baruti ambayo haikulipuka imejificha ndani ya mawe, ongeza dampa linalokurudia kinyumenyume usiku kwenye vumbi, utaelewa kwanini mgodi wenye akili zake haumpi kile kiti mtu aliyetoka chuo juzi.

Ndo maana njia ya kawaida ni ndefu. Kijana anaanza na dampa au boza la kumwagia maji barabara za mgodi, anakaa huko, baadae buldoza au greda, anajua kutengeneza sakafu ya shimo isiwe na mawe ya kuchana matairi, na matairi yale bei yake usiulize. Kama simuleta, yani kabini ya mazoezi ya kompyuta, ipo anapitishwa huko, alafu anakaa kabini na mkufunzi, anapewa mawe taka kwanza, tena mchana. Kuna wanaosema huku ni kupotezewa muda, mi siamini hivyo. Ukishapakiwa mwaka mzima na maopereta tofauti, wengine wanakushushia jiwe kubwa kwa pupa mpaka unalisikia kiunoni, unajifunza kupakia kabla hujashika hiyo joistiki. Dampa ni chuo, sema hakitoi cheti cha kuning'iniza sebuleni.

Sasa vile vyuo navyo tusivichinje tu. Joistiki kwa mpangilio ulioenea zaidi ni zile zile, mkono wa kushoto unazungusha mtambo na kupeleka mkono wa kijiko, wa kulia unanyanyua boriti kubwa na kukunja bakuli, iwe tani 20 au tani 500. Shoveli inayochota kwa mbele inaongeza pedali za kufungua na kufunga bakuli, lakini aliyeshika kijiko kidogo, yani eskaveta, vizuri haanzi sifuri. Na kijiko cha tani 20 kina soko lake kabisa, barabara, reli, machimbo ya kokoto, wachimbaji wa kati Geita na Chunya wanaokodi kwa lisaa. Kwa hiyo cheti chenyewe kina thamani, tatizo ni kwamba unauziwa kazi ya tani 20 kwa picha ya tani 500. Na hata hiyo ya tani 20 inategemea umeshika mtambo masaa mangapi, kuna sehemu darasa zima lina kijiko kimoja, dizeli ya kupimiwa, mwanafunzi anapata zamu mbili tatu za kuchimba na kufukia shimo lile lile alafu anavalishwa joho.

Kambi ya pili hoja yao kubwa ni kwamba shimo lina mwisho. Hii huwezi kuikwepa. Mgodi wa Buzwagi pale Kahama ulianza uzalishaji 2009, ilipofika 2021 umefungwa, miaka 12 tu, yani kijana aliyeingia na miaka 22 katoka na 34, watoto ndo kwanza wanaanza shule. Geita shimo la Nyankanga lilivyozidi kina wakahamia chini ya ardhi, na huko chini shoveli haiingii, kuna vipakizi vifupi vinavyopita handakini na uendeshaji wake ni mwingine. Lakini Geita hiyo hiyo ikafungua shimo jipya la Nyamulilima 2021, na Sengerema kuna mgodi wa Nyanzaga ambao nao ni wa shimo la wazi. Mashimo yanafungwa na mengine yanafunguliwa, ila hayafunguliwi kwenye kijiji chako. Kule Kalumbila, Zambia, kuna shoveli za umeme zinazovuta bakuli kwa nyaya nene za chuma, zinaburuta kebo ya umeme mkubwa nyuma yake. Kolwezi, Kongo, mashimo ya shaba ni makubwa na mtaani wanaongea Kiswahili. Ila vibali vya kazi ni mtihani, na kila nchi inabana upande wake, sisi wenyewe tangu kanuni za 2018 za ushirikishwaji wa Watanzania tunataka mgodi uanze na mtu wetu, tusishangae jirani nae akifanya hivyo hivyo.

Kuhusu mitambo kujiendesha, naona watu wanatishana mno. Dampa zisizo na dereva zipo Chile tangu 2008, mgodi wa Gabriela Mistral, na Australia zipo nyingi sana. Mgodi wa Syama kule Mali nao uliweka mitambo ya chini ya ardhi inayosimamiwa na mtu aliyekaa juu. Lakini angalia vizuri, kwenye mashimo mengi ambayo dampa hazina dereva, kwenye shoveli bado kuna mtu, kwa sababu kila mkupuo ni maamuzi mapya. Kinachonisumbua mimi ni kingine, dampa ikiondoka kwa binadamu huyo opereta wa kesho atajifunzia wapi?

Mwili nao una bei yake, masaa 12, usiku kwa mchana, mtikisiko mgongoni, rosta inayokuweka mbali na familia, hayo kila aliyekaa mgodini anayajua.

Mi kama ningekuwa na mdogo wangu mwenye hesabu nzuri na uvumilivu, ningempeleka kwenye spana kwanza. Ule mpango wa IMTT, mafunzo ya ufundi wa migodini, pale VETA Moshi, ambao kampuni za migodi zilishirikiana na VETA kuuanzisha 2009, unatoa mafundi, na anayejua haidroliki na umeme wa mtambo anahama nao kokote, shimoni, handakini, hata bandarini. Kama roho yake ni kuendesha tu sawa, ila kabla ya kulipa aulize mambo mawili, mtambo mmoja wanafunzi wangapi, na masaa ya kila mwanafunzi yanaandikwa wapi. Na aliyeshapata cheti tayari asikae nyumbani anasubiri mgodi wenyewe utangaze nafasi ya shoveli, aanze kwa makontrakta wanaochimba kwa niaba ya migodi, aombe dampa, aombe hata boza la maji.