Melissa Cody na sufu iliyofumuliwa

Kila nikisoma habari za Melissa Cody, mfumaji wa Kinavajo (Wanavajo ni watu wa asili wa Marekani) aliyezaliwa Arizona mwaka 1983, nakutana na sifa ileile: anachanganya mila na usasa. Sifa hiyo inaniudhi. Inafanya mila ionekane kama sanduku la bibi lililokaa limefungwa mpaka mjukuu alipokuja na ufunguo.

Itazameni sufu yenyewe. Mwaka 1864, baada ya kuwaulia kondoo na kuwakatia miti ya matunda, jeshi la Marekani liliwaswaga Wanavajo kwa miguu, karibu kilomita 480, hadi Bosque Redondo, New Mexico. Walishikiliwa huko hadi 1868. Walipopewa mablanketi ya serikali, kina mama waliyafumua uzi kwa uzi, wakafuma ya kwao. Baadaye wakapata sufu ya kiwandani ya Germantown, Pennsylvania, yenye rangi kali, na humo yakazaliwa mazulia ambayo ukiyakodolea macho yanakutia kizunguzungu. Leo tunayaita mila. Wakati ule yalikuwa mageni kabisa, tena yametoka kwenye msiba.

Cody anafuma kwa sufu ya jina hilo hilo la Germantown. Alianza akiwa na miaka mitano, akakua na michezo ya video. Niliwahi kuikuza picha ya zulia lake kwenye simu mpaka uzi mmoja mmoja ukaonekana: mstari wa mshazari unapanda ngazi kwa ngazi, maana mshindio, uzi unaopitishwa kwa upana, ukishapita kwenye mtande, nyuzi za wima, hulala sawa. Ni vijiraba vilevile vya skrini, na mabibi walivifuma kabla ya kompyuta yoyote. Mwaka 1994 kampuni ya Intel ilimwagiza Mnavajo mwingine, Marilou Schultz, afume zulia la mchoro wa chipu yao ya kompyuta, Pentium, na mchoro ukakubali kufumwa vizuri kabisa.

Ila kazi inayonishika moyo ni Deep Brain Stimulation ya Cody, ya mwaka 2011. Baba yake alikuwa anaugua Parkinson, ugonjwa unaotetemesha mikono, na jina la zulia ni la tiba ya kupitisha umeme ndani ya ubongo. Nawaza binti yule amekaa mbele ya nyuzi zilizotandwa wima, anapitisha uzi, anaushindilia kwa kitana cha mbao, anapitisha mwingine, kazi ambayo mkono ukitikisika kidogo tu, mstari unapinda.