Nani Amshike Nani Miguu?

Juzi kwenye daladala kijana mwenye ndevu kunizidi aliinuka akaniambia, "Mzee, kaa." Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mzee. Nyuma yangu kulikuwa na mlango tu, na konda anayening'inia. Naye akadakia kwa sauti ya gari zima: "Mpisheni mzee hapo, miguu haimbebi!" Miguu ilikuwa inanibeba vizuri kabisa mpaka alipoitaja. Nina miaka 43. Nikakaa, maana kiti ni kiti, lakini nilikaa kwa hasira.

Baada ya vituo viwili nikatoa noti ya elfu kumi. "Bosi, huna hela ndogo?" Kumbe nimepandishwa cheo! Nikasema sina. "Mkubwa, hebu jipapase vizuri." Nikajipapasa, sina. Tulipofika kwangu nikadai chenji yangu: "We mzee nawe, msumbufu kweli!" Safari moja tu, nimeingia mzee, nimekuwa bosi, nimekuwa mkubwa, nimeshuka mzee.

Mwalimu Nyerere aliapishwa kuwa rais Desemba 1962 akiwa na miaka 40, na sijasikia kwamba kuna mtu alimpisha kiti kwa sababu ya magoti. Wenzetu Kenya walimwita Jomo Kenyatta Mzee, sawa, lakini yeye alipewa na nchi nzima ya kumliwaza. Mimi nimepewa siti ya dirishani, na dirisha lenyewe halifungi.

Haya majina ya ukubwa siku hizi ukiyapokea uwe umeshika mfuko. Anayekuita "bosi" ana kitu anauza. Anayekuita "mkubwa" ni mlinzi, anataka ya soda. Fundi aliyekula hela yangu ya kabati tangu mwezi wa pili ananiita "mheshimiwa", na kila nikimpigia heshima inapanda, kabati halionekani. Halafu kuna hili la "kiongozi". "Kiongozi, vipi?" Namuongoza nani mimi? Nyumbani hata rimoti siiongozi. Neno pekee ambalo bado lina uzito wake ni "afande". Lilitoka kwa Waturuki likiwa efendi, likapita Misri, likafika kwetu ndani ya buti za wanajeshi, na mpaka leo ukilitamka unajikuta umenyoosha mgongo bila kuambiwa.

Lakini yote hayo ni mzaha. Balaa lipo kazini.

Bosi wangu ana miaka 29. Ni binti mwenye akili, kazi anaijua, na amelelewa vizuri. Tatizo ni hayo malezi. Kila asubuhi tukikutana mlangoni panatokea foleni ya heshima. Kwa umri, yeye ndiye aniamkie. Kwa cheo, pengine mimi ndiye niinamishe kichwa. Basi tunasimama pale, kila mtu kafungua mdomo nusu kama samaki, mpaka mfagizi anatuomba tupishe apige deki. Nikajaribu "Habari za asubuhi, madamu", nikaona naye kasononeka kama kwamba nimemwita kikongwe. Nikajaribu "dada", mhasibu akanitolea macho. "Mwanangu" nililimeza mwenyewe, maana likizo nasainiwa na huyo mwanangu.

Jumanne iliyopita akaniita ofisini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae, baba. Naomba upokee hii, halafu usaini hapa chini."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Ndani: "Ndugu, YAH: ONYO KALI KWA UCHELEWAJI." Nikasaini. Akasema, "Ahsante sana, baba, Mungu akubariki." Sijawahi kupigwa kwa adabu namna ile. Ningefokewa ningepata cha kusimulia nyumbani. Sasa nitamwambia nini mke wangu, kwamba nimeamkiwa, nikakaribishwa kiti, nikaombewa baraka?

Na hilo "Ndugu" ndilo lililoniuma zaidi. Marehemu baba yangu alilipenda neno hilo. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, ndugu alikuwa waziri na ndugu alikuwa mfagia barabara, na baba alisema raha ya kumwita mkubwa wako "ndugu" usoni kwake haina mfano. Leo mwite waziri "ndugu" uone wapambe watakavyokutazama. Neno limebaki sehemu mbili tu: kwenye barua za onyo, na kwenye simu, "Ndugu mteja, salio lako halitoshi." Yaani ukisikia umeitwa ndugu, jua kuna kitu umepungukiwa.

Nirudi mtaani, maana huko ndiko nilikoibiwa.

Nina jirani. Ana mvi kichwa kizima, ana kitambi kilichotulia, anavaa msuli, na anakohoa kabla ya kuongea kama mtu anayefungua kikao. Alipohamia nikamwona nikasema huyu ni mtu mzima, nikamwamkia. Akaitikia kwa kuivuta: "Maraaahaba, kijana." Nakiri, lile "kijana" lilinikuna. Baada ya yale ya daladala, mtu akikuita kijana unamtafutia sababu ya kumwamkia tena. Miaka miwili nimemwamkia kila asubuhi. Nimemshushia magunia ya mkaa. Akiingia msibani namwachia kiti cha plastiki chenye mikono, mimi naenda kwenye benchi.

Wiki iliyopita tukaenda serikali ya mtaa kujiandikisha. Nipo nyuma yake kwenye mstari. Karani akauliza mwaka wa kuzaliwa. Jirani akakohoa, akajibu, "Themanini na sita."

Nikadhani nimesikia vibaya. Karani akarudia: "1986?" "Naam."

Mimi ni wa 1982! Nilipokuwa darasa la tano, huyu alikuwa darasa la kwanza, wale tuliokuwa tunawafunga kamba za viatu na kuwaonyesha choo kiko wapi. Wajuzi wa lugha wanasema shikamoo asili yake ni "nashika miguu yako". Nikapiga hesabu pale pale kwenye mstari: miaka miwili, kila siku moja, ukiacha siku nilizosafiri, haipungui mia sita. Nimeishika miguu ya mtoto mara mia sita! Na alikuwa anajua. Mtu aliyezaliwa themanini na sita hawezi kunitazama hivi nilivyo asijue.

Sasa shikamoo inarudishwaje? Fedha ukizidisha unarudishiwa, hata kama ni kwa mbinde na konda. Shikamoo ikishapokelewa imepokelewa. Mke wangu anasema niachane nayo, mvi ni mvi, zina heshima yake. Nikamwambia mvi zangu napaka rangi kila mwezi kwa gharama zangu, mwenzangu anazifuga na kuvuna marahaba. Akaniuliza kama nimemaliza nile chakula kinapoa.

Nikalala nikipanga. Hakuna ugomvi, hakuna kudaiana. Kesho nitamsalimia kama mtu na mtu mwenzake, kwisha. Asubuhi nikavaa vizuri, nikatoka, nikamkuta kasimama getini na mswaki mdomoni. Nikatanua kifua. Nikashusha sauti mpaka ikagusa tumbo.

"Habari za asubuhi, jirani!"

Akautoa mswaki taratibu. Akatema. Akakaza msuli wake kiunoni, akakohoa.

"Maraaahaba, kijana. Hujambo?"

"Sijambo."