Dirisha Lirudi Ndani ya Ukuta

Huu ni mwaka wa nane naishi Glasgow, magharibi mwa Uskoti, ambako mvua huja imelala kwa kusukumwa na upepo wa Atlantiki, na bado sijaona tone likipenya pembeni mwa dirisha la nyumba ninayokaa. Fuoni, Unguja, nyumba ya mdogo wangu haijatimiza miaka mitatu, na kila masika yeye hutandika matambara chini ya madirisha yake ya aluminiamu.

Tofauti haimo katika bei ya vioo, imo katika mahali dirisha linapokaa. Ukuta wa nyumba nyingi mpya za huku una matabaka mawili: nje matofali, ndani fremu ya mbao iliyojazwa sufu ya kuzuia baridi, na baina yake pengo. Dirisha hufungwa kwenye tabaka la ndani, na matofali ya nje huachwa yaufunike ukingo wa fremu kwa milimita 25 au zaidi, hivyo mvua hugonga tofali kabla ya kukifikia kiungo cha fremu na ukuta. Tena, kwa kuwa dirisha limo katika mstari mmoja na sufu, baridi haipati njia ya kuizunguka fremu. Likisogezwa mpaka usoni mwa ukuta, lipu ya pembeni hupoa, mvuke wa chumbani hugeuka maji juu yake, na ukungu mweusi huota.

Kwetu hatuna baridi ya kuikimbia, wala sisemi tujenge kama Waskoti. Kinachonisikitisha ni kuipachika fremu sawa na lipu ya nje, kisha kuitegemea gundi ya silikoni peke yake izuie maji. Dirisha la bibi yangu, Mji Mkongwe, lilizama ndani ya ukuta wa mawe na chokaa wenye unene wa nusu mita, likapata kivuli na kinga pamoja. Ukuta wa matofali ya inchi 6 hauna kina hicho, lakini unatosha kuirudisha fremu nyuma vidole vitatu, kuuinamisha ukingo wa chini uelekee nje, na kuchonga mfereji mwembamba chini yake ili maji yadondoke badala ya kurudi ukutani. Na fundi wa lipu asivizibe vile vitundu vya kutolea maji vilivyomo kwenye reli ya dirisha, kosa ambalo nimeliona katika nyumba nyingi mno.

Mdogo wangu amekubali: dirisha la chumba cha watoto, linalotazama kusini, litang'olewa na kupachikwa upya kabla ya masika ijayo.