Kejeli kwa Kadi ya Mwaliko

Kila msimu wa Kwaresima, wakubwa wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani, hujipamba, wakapanda kilima cha Nockherberg hapa Munich, wakaketi kwenye ukumbi wa wenye bia ya Paulaner kungojea kusemwa. Anaanza msemaji mmoja na hotuba ndefu, anawachambua kwa majina, hana haraka. Kisha unafuata mchezo wa nyimbo: waigizaji wanaofanana na mawaziri hadi miwani na mwendo wanaimba vituko vya mawaziri hao, na mawaziri wenyewe wamekaa pale pale chini wakitazama. Televisheni ya Bavaria inarusha yote, na kamera haichoki kumrudia anayesemwa. Utamwona na kikombe chake cha bia kali, anacheka mpaka mabega yanamcheza. Anayerudi nyumbani amenuna ni yule ambaye hakutajwa kabisa.

Watanzania wenzangu wa hapa wanaipenda sana shughuli hii, na maneno yao nimeyazoea: "Kwetu angethubutu nani?" Nakubaliana nao nusu. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Pale Nockherberg huingii bila kadi. Mwenye bia anatangaza bia yake, mwanasiasa anaonyesha wapiga kura kwamba ana kifua, mwimbaji analipwa, na kesho yake sera ni ile ile. Kusemwa kwa namna hii hakumuumi mtu, kunamng'arisha. Kwa hiyo mtu akiniambia hii ndiyo kejeli ya watu waliostaarabika, namkumbuka Kapteni John Komba na TOT yake, kundi la muziki la Tanzania One Theatre. Kundi lile lilizaliwa 1992, mwaka ule ule vyama vingi viliporudi Tanzania, na lilikuwa la CCM. Mipasho ya TOT ilikuwa mitamu kweli kweli. Mwimbaji wake Khadija Kopa akishika kipaza sauti, hata mpinzani wa chama alikuwa anatikisa kichwa. Lakini umewahi kusikia kijembe kikirushwa jukwaani pale kikamwangukia mwenye jukwaa?

Au chukua habari ya rapa Nay wa Mitego. Machi 2017 alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Baraza la Sanaa likaufungia. Haikupita muda ikatoka kauli kwamba Rais Magufuli ameupenda: mwimbaji aachiwe, wimbo upigwe, tena ikiwezekana awaongeze na wakwepa kodi. Watu walishangilia. Mimi nilicheka kwa shida, maana wimbo wa kuwachoma wakubwa ulikuwa umegeuka kitu cha mkubwa kuruhusu, na kuuhariri juu yake.

Wajerumani ninaowavulia kofia ni wengine. Palikuwa na ndugu watatu wa ukoo wa Well waliojiita Biermösl Blosn, wakapiga muziki pamoja kuanzia 1976 hadi 2012, mara nyingi wakipanda jukwaani na mchekeshaji Gerhard Polt. Walipiga muziki wa vijijini Bavaria, ule ule unaopigwa kwenye sherehe za kanisa na mikutano ya chama tawala: tarumbeta, tuba, kinubi. Mzee wa kijijini anasikia sauti za utotoni mwake, mguu unaanza kugonga sakafu, na maneno yanapomfikia tayari ameshaingia mtegoni. Wimbo rasmi wa Bavaria unamwomba Mungu awe na nchi ya Wabavaria. Wao wakayageuza maneno, Mungu akaombwa awe na nchi ya BayWa, kampuni kubwa ya pembejeo za kilimo. Wakubwa wa utangazaji wa huko hawakucheka, na hawakuwa wamealikwa wacheke.

Nilipowasikia mara ya kwanza nilijiambia, hii ni taarab. Usicheke. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, na kati ya nyimbo zake umo "Kijiti", kisa cha mauaji ya kweli ya Unguja: muuaji alitorokea bara, na waliofungwa wakawa wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Wimbo uliiumbua mahakama ya wakoloni kwa sauti ambayo watu walikuwa wanaifuata kwa raha. Hakuna hakimu aliyepewa kiti cha mbele.

Na kuna jambo jingine la kwetu ambalo huku sijaliona kabisa, ni kutunza. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa bingwa. Anakaa nyimbo nzima nzima kama hasikii, anangoja ubeti wake. Ukifika, anainuka taratibu, noti iko juu, anapita makusudi mbele ya meza ya mbaya wake, ndipo anakwenda kumtunza mwimbaji. Mwimbaji hajataja jina la mtu, pengine hata hajui ugomvi upo, na mtunzi aliandika habari ya ndege na tundu lake. Lakini ukumbi mzima umeshajua. Hapo msikilizaji ndiye anayelenga. Huku ukumbini watu hukaa kimya kwenye viti vyao vya namba, wanacheka panapotakiwa, wanapiga makofi, wanakwenda kuchukua makoti.

Kuna msomi wa Kijerumani aliyenieleza kwamba mafumbo yetu yanatokana na woga, kwamba penye uhuru watu husema wazi. Nikamkumbusha habari za kwao. Wolf Biermann, mwimbaji wa Ujerumani Mashariki, alipigwa marufuku kupanda jukwaani tangu 1965. Novemba 1976 akaruhusiwa kwenda kuimba Köln, na akiwa huko serikali yake ikamvua uraia. Aliyesema wazi ndiye alifungiwa mlango, na waliobaki ndani wakajifunza kusikilizana katikati ya mistari. Kwa hiyo, ndiyo, woga hufundisha mafumbo. Lakini shangazi hakuwa anamwogopa mtu yeyote Tanga nzima, na bado alipenda fumbo kuliko tusi, kwa sababu tusi likishatoka halina kazi tena.

Sitaki kuficha lililo kweli. Aprili 2017, siku chache tu baada ya sakata la Nay, rapa Roma Mkatoliki alichukuliwa na watu wasiojulikana kutoka studio Dar es Salaam, akaonekana siku kadhaa baadaye akiwa na majeraha. Mwimbaji wa Munich halali na hofu hiyo. Kwenye hili wenzangu wako sahihi, na bia ya Paulaner haihusiki. Linalomlinda ni sheria na mahakama. Hilo ndilo ningelibeba hata kesho nikalipeleka nyumbani. Ule mtindo wa wakubwa kukaa mstari wa mbele wakicheka, wabaki nao.

Tena kucheka hakubadilishi mengi kama tunavyodhani. Mwimbaji wa Kijerumani Reinhard Mey ana wimbo wa mwaka 1977 kuhusu mtu anayezungushwa ofisi hadi ofisi akitafuta fomu ya kuombea fomu ya maombi, na jina la hiyo fomu peke yake ni kiitikio kizima. Taifa zima linaujua, maofisa pia. Fomu zipo. Na rapa wetu Professor Jay, aliyetuchekesha 2001 na wimbo "Ndiyo Mzee", yule mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana huku umati ukimwitikia, aliingia bungeni mwenyewe mwaka 2015, mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya Chadema. Sijui niseme nini hapo, ila nilifurahi.

Mwaka huu nilimtumia shangazi kipande cha video cha Nockherberg kwa simu, nikamweleza nani ni nani. Aliridhika na nguo, mavazi ya waigizaji akayasifu. Kisha akaniuliza yule mwanamume aliyesemwa anatoka kundi gani, na wimbo wake wa majibu unatoka lini.

Nikamwambia hakuna majibu, shangazi. Amecheka tu, akamaliza bia yake.

"Basi hajapashwa huyo," akasema, akaanza kunieleza bei ya sukari.